Wifi wa Toleo la Kumi na Tano

Tarehe 4 Februari

Kwako mchoraji wangu,

Salamu za miaka mitatu kwa mkupuo mmoja. Natumai barua hii inakukuta mzima, mkono wa kushoto unaendelea kuchora na ule wa kulia unaendelea kula mshahara wa bure. Mimi huku sijambo, isipokuwa mgongo. Mwalimu wa udereva hukaa kiti cha pembeni kutwa nzima akisubiri kuuawa, na mgongo nao una masikio. Mwanafunzi wangu wa leo asubuhi kaniuliza kama breki ni lazima.

Namba yako ya zamani haipatikani. Anwani hii nimepewa na muuza rangi, aliyeniambia kwamba huko mliko kuna mwanamke wa mashoto, mchora mabango, anayenunua rangi nyeusi kuliko watu wote. Nikajua ni wewe tu. Kama hukutaka kupatikana, ungehamia bluu.

Sasa habari yenyewe, na usishtuke, hakuna aliyekufa. Yupo mchapishaji anayetaka kuyakusanya matoleo yote ya katuni yetu, yawe kitabu kimoja kinene cha kusimama rafuni, jina lako na langu juu ya jalada. Kizuizi ni mhariri wake. Mimi namwita Bi Miwani. Mama huyu kayasoma matoleo yote kumi na tano kwa mfululizo, jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulithubutu, na anasema hadithi inavuja kila upande.

Aliniomba nimweleze wahusika kwa ufupi. Nikamwambia: Komeo ni mwanamke anayeweza kufunga kitu chochote, mlango, mto, hata mdomo wa mtu. Mtondogoo ndiye adui pekee asiyefungika, maana ukimfungia leo, yeye haji kesho, haji keshokutwa, wala mtondo. Anaibuka siku ya nne, ile ambayo hakuna mtu aliyeipangia chochote, kisha anapiga rivasi mpaka jana kuja kukuharibia. Bi Miwani akasema vizuri sana, lakini adui akiharibu jana, uharibifu uonekane leo, na kwenu hauonekani. Tusipoziba mianya hadi mwisho wa Machi, hakuna kitabu.

Nami nakitaka kitabu hicho, sikufichi. Tafadhali nijibu, hata kwa matusi.

Mwandishi wa Komeo,
zamani wifi yako


Tarehe 17 Februari

Kwako,

Nimekaa na kalamu nikitafuta neno la kuweka hapo juu baada ya "kwako". Sikulipata, nimeacha nafasi.

Namshukuru Mungu, ni mzima. Natumai nawe hujambo, na mgongo umepoa. Bahasha yako ilinikuta juu ya ngazi, nachora bango la duka la matairi. Niliutambua mwandiko nikaiweka chini ya kopo la rangi, nikamaliza neno MATAIRI lote kabla ya kuifungua. Nilidhani ni msiba. Au kaka yako kaamua kuniletea maneno. Nilipofika kwenye "hakuna aliyekufa" nikacheka peke yangu kule juu, hadi mwenye duka akatoka kutazama kama nimevuta harufu ya rangi kupita kiasi. Nimefurahi. Naliandika haraka kabla aibu haijanirudia: nimefurahi.

Ninakaa chumba cha juu, chini yangu kuna mafundi cherehani wanne. Wakianza kushona, meza yangu nayo inashona. Kwa hiyo nachora mistari mirefu wakati wao wanakula mchana.

Nitasaidia. Niletee maswali ya huyo Bi Miwani. Ila sina toleo hata moja la Komeo. Niliondoka na begi la nguo na brashi.

Mchoraji


Tarehe 25 Februari

Mchoraji wangu uliyeacha nafasi,

Habari za huko, na za mafundi cherehani? Huku sote wazima. Barua yako nimeisoma garini, mwanafunzi akizunguka ndoo zangu uwanjani. Nilipofika penye "nimefurahi" nikasahau kumwambia akate kona, akaikanyaga ndoo ya tatu. Sikumkemea. Siku ile hakuna mtu ambaye ningeweza kumkemea.

Haya, maswali ni matatu.

La kwanza, kidole gumba. Toleo la sita Mtondogoo anakatwa gumba na mlango wa Komeo. Toleo la tisa analo. Bi Miwani anauliza limeota?

La pili ni dogo. Unamkumbuka Wifi, dada wa mume wa Komeo, yule mtunza funguo. Kwenye toleo la pili, ukurasa wa nne, anamwita Komeo "wifi", na wakati huo Komeo hajaolewa wala hajamwona huyo mwanamume kwa macho. Mhariri anasema ni kuteleza kwa kalamu yangu. Nitaweka "dada", yaishe.

La tatu ndilo linaloweza kutunyima kitabu. Toleo la kumi na nne, Mtondogoo anarudi siku ya harusi, anafunga barabara, bwana harusi anapita njia nyingine, harusi haifanyiki. Komeo anakuwa mtu ambaye hakuwahi kuolewa. Sawa. Toleo la kumi na tano, ukurasa wa kwanza, nani huyo mlangoni mwa Komeo? Wifi, amekaa visanduku sita vya picha, ananyoosha mkono, na kwenye kiputo cha maneno umemwandikia kwa herufi zako mwenyewe: "Wifi, shika funguo." Maandishi yangu hayakuwa na mtu pale. Lilikuwa toleo la mwisho kabla hujaondoka, nilikuwa na haraka, likaenda mtamboni hivyo hivyo. Bi Miwani anasema pasipo harusi hapana wifi. Anataka umfute, uchore mlango mtupu. Mimi roho inauma, lakini mantiki haina ndugu.

Na kwa kuwa umeniuliza bila kuniuliza: nilikaa kimya kwa sababu ya sura hii. Mwanya ni wa kaka, kicheko ni cha kaka, hata nikikohoa ni yeye. Nikasema mtu aliyetoka kwenye nyumba asifuatwe na uso wa nyumba ile.

Dada wa fundi friji


Tarehe 22 Machi

Kwako,

Zamu hii nimeacha nafasi mimi. Natumai ni kimya tu, si ugonjwa.

Kila jioni napita ofisi ya vifurushi kuulizia barua yako. Karani sasa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa hata sijashuka garini. Bi Miwani katuongezea siku, hadi tarehe kumi Aprili, akisema ni kwa sababu anapenda gauni la Komeo.

Nimejisoma upya kile nilichokuandikia. Nimekuomba umfute wifi kwa mkono wako mwenyewe, halafu nikasema mantiki haina ndugu. Mimi nilikuwa nazungumzia karatasi! Mwenzio nikianza kusahihisha huwa sioni mbele wala nyuma, na kazi yangu ni kufundisha watu kutazama vioo.

Usifute chochote. Kitabu kisichapwe, kitanisikitisha wiki mbili, nitapona. Lakini wewe ukipotea mara ya pili sitapona, na hilo nalisema nikiwa na akili zangu timamu. Nijibu neno moja tu nijue upo.

Mimi


Tarehe 30 Machi

Wifi,

Umeona neno hilo hapo juu? Lisome tena, kisha ushushe pumzi. Mimi mzima kabisa. Pole kwa kukukondesha.

Sikufichi, wiki ya kwanza nilikasirika. Si kwa ajili ya Bi Miwani. Ni pale uliposema toleo la kumi na tano lilipita kwa sababu ulikuwa na haraka. Sasa nikwambie jambo usilolijua. Wifi pale mlangoni hakuwa kosa. Nilimchora makusudi. Mambo yangu na kaka yako yalikuwa yameshafika mwisho, ila nilikuwa sijamwambia mtu. Nikasema, ngoja nimweke, nione kama mwandishi atamfuta. Hukumfuta. Lilipotoka mtamboni akiwamo, nikafunga begi nikaondoka na hilo tu, na lilinitosha miaka mitatu. Halafu unaniambia ilikuwa haraka!

Hasira ilipoisha likabaki swali la mhariri, na swali lake ni la haki. Ndilo swali lililonifanya nisikuandikie muda wote huu. Mwanamke akiachana na mume, anaondoka na nini? Cherehani niliiacha, redio niliiacha. Wifi je? Kuna wa kumuuliza? Nikaona nisiombe kisicho changu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nilikuwa nachora bango la kinyozi wa mtaa wa nyuma. Ndani ana kibao cha kusubiria, juu yake rundo la magazeti yaliyokwisha majalada. Nikanywa maji, nikapekua. Toleo la pili la Komeo! Halina jalada, na mtu kaweka masharubu kila uso, lakini ukurasa wa nne upo. Kinyozi akakataa kuniazima, akasema wateja wake wanalipenda. Ikabidi nikae kwenye kibao nisome palepale. Watu watatu waliniuliza kama nimekuja kunyoa.

Wifi, hukuteleza kalamu. Huo ukurasa wa nne si wa kutunga, ni sisi. Ni somo langu la kwanza la udereva. Uliniambia nipige rivasi kati ya ndoo mbili, nikakanyaga mafuta badala ya breki, ukuta ukawa unakuja kwa nyuma, na wewe, hata jina langu ulikuwa hujaniuliza, ukapiga kelele: "Wifi, breki!" Nikasimama. Nikakuuliza, wifi wa nani? Ukasema, "Sijui bado, lakini nina kaka." Kaka mwenyewe nilikuja kumwona mwezi uliofuata, alipokuja kukuazima betri ya gari.

Sasa mwambie Bi Miwani hivi. Mtondogoo alirudi mpaka siku ya harusi akaivunja, kweli. Lakini neno "wifi" halikutoka harusini. Lilitoka toleo la pili, ukurasa wa nne, kabla ya bwana, kabla ya posa, kabla ya kila kitu. Alivunja harusi akiamini wifi ataanguka nayo, kumbe wifi alikuwa amesimama kwenye ukurasa wa nyuma zaidi, ambako yeye hakufika. Ndiyo maana toleo la kumi na tano anagonga mlango kama kawaida, na Komeo anafungua. Makosa mawili aliyoyaona mhariri ni jibu moja. Ukibadilisha "wifi" ya toleo la pili kuwa "dada", ndipo utakapotuharibia hadithi. Kwa hiyo weka kalamu chini, wewe!

Nilipoliona hilo nilikaa kwenye kibao cha kinyozi nikalia, kilio cha mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima na zipo mkononi. Kinyozi akanipa taulo la wateja. Lilikuwa na nywele, nikajifuta hivyo hivyo.

Kuhusu gumba, hilo jepesi. Mtu anayeweza kufika siku ya nne atashindwaje kurudi juzi kuchukua kidole chake? Alilikata mwenyewe mapema, kabla mlango haujafunga, akaliweka mfukoni, akalirudishia toleo la tisa. Ndiyo maana kwenye toleo la sita hakuna damu. (Hakuna damu kwa sababu siwezi kuchora damu, lakini Bi Miwani hahitaji kujua.)

Na usinitishe na mwanya wako. Undugu ni kufaana, si kufanana. Sura yenu ni moja, ndiyo, ila yeye hajawahi kuniokoa na ukuta.

Wifi yako,
tangu breki


Tarehe 6 Aprili

Wifi, wifi, wifi,

Naliandika mara tatu, ya kwanza kwa salamu, mbili za fidia. Mimi mzima, mgongo nao kimya tangu juzi, nadhani ulikuwa unasubiri barua yako.

Nilimsomea Bi Miwani maelezo yako neno kwa neno ofisini kwake. Alisikiliza, akafungua toleo la pili, akafungua la kumi na nne, akafungua la kumi na tano, akayalaza mezani sambamba. Kisha akavua miwani. Wifi, yule mama ana macho! Mazuri hata. Akasema, "Kwa hiyo mlipanga tangu mwanzo?" Nikamjibu, "Mambo mengine hujipanga." Kitabu kinachapwa. Wifi wa ukurasa wa nne anabaki, na yule wa mlangoni anabaki, visanduku vyote sita. La gumba alicheka tu, akasema liende.

Nilitoka pale nikakaa garini bila kuwasha injini. Mwanafunzi wangu akaniuliza tunasubiri nini. Nikamwambia tunasubiri mwalimu amalize kufurahi.

Nyumbani nikamweleza kaka, maana nilijua nikimficha atasikia kwa wengine. Nilijiandaa kwa lolote. Alikuwa amelala chini ya friji la mtu, miguu tu nje. Nikamwambia, mimi na yule tumekuwa wifi tena. Miguu ikasema, "Kwani mliacha?" Anasema siku zote alidhani tunaandikiana kila wiki na kumsengenya. Miaka mitatu nimebeba uso wake kama mzigo wa wizi, kumbe mwenyewe hana habari! Anakusalimu kwa heshima, na anasema cherehani ni yako, imejaa vumbi, hajui hata uzi unaingilia wapi.

Sasa hilo la haraka. Nilikudanganya, nami nilikuwa nimejidanganya. Juma lile mtambo haukuwa na wino, ulisimama siku mbili nzima. Mpiga chapa mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Huyu mlangoni mbona hayumo kwenye maandishi? Nimfute?" Nikamwambia mwache, hakuna atakayeona. Muda nilikuwa nao wa kumwaga. Mkono ndio uliokataa, na mpaka ulipoandika sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Bi Miwani anataka ukurasa mmoja mpya wa kufungia kitabu. Kasema chochote utakachoona. Halafu wanatutaka sote wawili ofisini tarehe kumi na tisa, kuliangalia jalada. Njoo siku moja kabla ulale kwangu. Kitanda kimoja tu, ila mimi sikoromi, anayekoroma ni kaka, na yeye ana kwake.

Wifi yako


Tarehe 14 Aprili

Wifi,

Sijambo, hujambo, tusipoteze karatasi.

Usinijibu barua hii, maana jibu halitanikuta. Huyo karani wa vifurushi huchukua siku nne. Mimi naondoka mtondo, nalala njiani, kwa hiyo haya unayoyasoma nimeyaandika leo, yanafika mtondogoo, na ukiinua macho huenda nipo getini. Kwa mara ya kwanza nimemwelewa yule adui wetu. Ni raha kutokea siku ya nne mahali unaposubiriwa.

Ukurasa wa mwisho nimeuambatanisha humu, uutazame kabla sijaingia nikaona haya. Ni mlango wa Komeo, umefungwa kwa ndani. Dirishani utaona vivuli vya wanawake wawili, mmoja anacheka. Nje amesimama Mtondogoo na shada la funguo za siku zote zilizopita na zijazo, amejaribu moja moja, gumba limevimba. Hakuna kiputo. Nilitaka kumwandikia neno nikaona hana la kusema.

Nakuja na gari la kampuni ya mabango, lile la kubebea ngazi. Leseni ninayo, usishangae, niliipata mwaka jana baada ya kuanguka mtihani mara mbili, zote kwa rivasi. Najua geti lako ni jembamba na uwanja umejaa ndoo. Usiziondoe. Nitaingia kinyumenyume, polepole, dirisha wazi. Wewe simama palepale karibu na ukuta, na ukiona unakuja, unajua la kunipigia kelele.

Wifi